Kipimo cha Mguu wa January

Gari lile lilikuwa na vitanda vitatu, jiko la gesi la mafiga mawili, kabati la vyombo lenye komeo ili sahani zisianguke kwenye kona, na bomba dogo la maji juu ya karai lililopachikwa mezani. Lilikuwa na mapazia ya maua. Lilikuwa na mlango wenye ngazi ya kukunja. Kitu ambacho halikuwa nacho ni jirani, na hicho ndicho Imakulata alichokikosa kuliko vyote.

Kila baada ya siku mbili tatu waliamka mahali pengine. Leo ukivuta pazia unaona bahari na mnara wa kanisa, keshokutwa bahari na mashua zilizopakwa rangi, wiki ijayo bahari na milima mikavu isiyo na jani. Bahari ileile, jua lilelile. Watu tu ndio waliobadilika, na walibadilika kabla hujajua jina la hata mmoja.

Imakulata alikuwa yaya wa Claudia, mtoto wa miaka miwili aliyezaliwa Masasi, katika hospitali ya misheni ambako baba yake alikuwa daktari kwa miaka mitano. Mwaka ule wa sabini na nne mkataba wa daktari ulikwisha. Kabla ya kurudi kwao kaskazini, kwenye baridi, yeye na mkewe waliamua kupita kwanza pwani ya kusini ya Ulaya, Italia mpaka Hispania, miezi mitatu, wakilifuata jua. "Tumefanya kazi bila likizo, Imakulata," Mama Claudia alisema. "Tusaidie mtoto, halafu tutakupandisha ndege urudi kwenu." Na kweli, tiketi ya kurudi ilikwisha kununuliwa. Ilikaa ndani ya bati la biskuti, pamoja na pasi zote, chini ya kiti cha dereva.

Naye alikubali. Mumewe, Nikolao, alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Alikwenda Ruvuma kuvua akakanyaga bomu lililotegwa njiani, moja ya yale mabomu ya vita vya ng'ambo ya mto ambayo hayakujua nani Mreno na nani mkulima wa Newala. Alimwachia mtoto ambaye hata kutembea alikuwa bado. Mshahara wa miezi mitatu ungeezeka bati nyumba ya mama yake Kitangari, na tena, tuseme ukweli, Imakulata alikuwa na miaka ishirini na miwili na alitaka kuona. Mtu aliyesoma darasa la jioni miaka miwili, akasoma ramani ukutani kwa taa ya chemli, anataka siku moja kuona kama mambo yale yapo.

Siku ya kuondoka, mama yake alimketisha mjukuu wake January kwenye mkeka, akachomoa ukindu mmoja kutoka pembeni, akaunyoosha chini ya mguu wa mtoto kutoka kisigino mpaka kidole gumba, akaukata kwa meno.

"Haya. Ukiona viatu huko, tia huu ndani. Lakini ongeza kidole."

"Miezi mitatu tu, mama. Nikiongeza kidole ni kama ninajiapiza nichelewe."

"Shauri lako. Mguu hausubiri mtu."

"Mikorosho ikichanua nimerudi."

"Mikorosho haijui kuahidi," mama alisema, "inachanua tu." Kisha akacheka, maana January alikuwa ameukamata mwisho wa ukindu na anautafuna.

Safari ilikuwa nzuri, asiseme mtu kwamba haikuwa nzuri. Imakulata aliona barabara zilizochongwa kwenye majabali, chini bahari ya buluu kama wino wa chupa. Aliona wazee wakicheza karata vibarazani mchana kutwa na hakuna aliyewauliza shamba lao liko wapi. Alikula tini mbichi. Baba Claudia alikuwa mtu wa utani, ila Kiswahili chake kilikuwa cha wodini. Alipofurahi alisema, "Leo hakuna maumivu," na alipotaka mtoto anyamaze alimwambia, "Pumua. Usipumue. Pumua."

Lakini tabia ya mtu haishuki garini hata gari likifika Ulaya. Imakulata alitoka mahali ambapo mgeni halali bila balozi wa nyumba kumi kujua, na kule kwao, mpakani, wakati wa vita, halikuwa jambo la adabu tu. Mgeni asiyetajwa angeweza kuwa mpelelezi. Hata shangazi yako akija na kuku wake mkononi, unamwacha anakunywa maji, unakwenda kwa balozi: nina mgeni, anatoka Lisekese, atalala siku tatu. Sasa hapa gari linaegeshwa tu chini ya misonobari ya mtu, wanatandika meza, wanakula, wanalala, wanaondoka, na mwenye ardhi hajaulizwa.

Usiku wa kwanza Italia hakuupata usingizi. Alfajiri alimfunga Claudia mgongoni, akaenda mpaka nyumba ya karibu, akasimama mbali kidogo na mlango na kupiga hodi. Alitoka bibi kizee mwenye nguo nyeusi, ufagio mkononi. Imakulata alipiga goti kidogo, akamweleza kwa Kiswahili kwamba wao ni wageni, ni watu wanne, wanatoka Masasi, wanalala siku mbili, hawana shari. Akajigusa kifua: "Imakulata."

Bibi aliuangusha ufagio. "Immacolata?" Akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamwonyesha picha ya Mama Maria ukutani, akamwonyesha yeye, akacheka mpaka akakaa. Imakulata aliporudi garini alikuwa na mayai sita.

"Umeyatoa wapi?" Mama Claudia aliuliza.

"Kwa balozi."

"Balozi gani?"

"Wa hapa. Nimetutaja."

Baba Claudia alicheka siku nzima. Hata hivyo toka siku hiyo hakumkataza, na kila walipoegesha, yaya alikwenda kutoa taarifa. Wengine walimfungia mlango. Mmoja alimletea polisi, naye polisi akapewa chai. Walio wengi walisimama tu wakimtazama, wakasikiliza lugha wasiyoijua, wakaitikia kwa kichwa. Hayo yalimtosha kulala. Hayakumtosha kwa mengine. Unaweza kusalimia pwani nzima na bado jioni usiwe na mtu wa kumwambia mguu wangu unauma.

Viatu alivinunua hukohuko Italia, gulioni, wiki ya tatu. Viatu vya ngozi vya kahawia, vyenye kifungo cha shaba. Muuzaji alishangaa kumwona mwanamke mweusi akitoa jani kavu kifuani, akalilaza ndani ya kiatu, akalisukuma mpaka mbele. Liligusa mwisho bila kujikunja. Sawasawa kabisa. Imakulata alifurahi kama mtu aliyeushika mguu wenyewe. Alivifunga kwenye kanga, akaviweka chini ya mto wake, kwenye kitanda cha juu ya kiti cha dereva, alipokuwa akilala na Claudia.

*

Kabla ya kuondoka Masasi, Baba Claudia alikuwa ameandika majina ya miji kwenye karatasi na kuiacha nyumbani kwa akina Imakulata. Barua itumwe posta ya mji fulani, wenyewe wakipita waichukue. Barselona. Valensia. Almeria. Malaga. Yeye ndiye aliyekuwa akiingia posta na pasi zote mkononi, na kila mara alitoka na barua zake tatu nne, akimtazama Imakulata kwa macho ya pole. "Bado, Imakulata."

Barselona bado. Valensia bado. Imakulata mwenyewe alikuwa ameandika nne, kwa mkono wake, kila moja akamsalimia mwalimu wake, Mwalimu Yeremia, kwa kuwa alijua ni yeye atakayeisoma. Mama yake hakujua kusoma. Alipoambiwa aje darasani alikuwa akisema macho yake ni ya kuchambua korosho.

Ilikuwa Valensia, wakimwogesha Claudia kwenye karai, Mama Claudia alipolisema jambo lenyewe.

"Imakulata, sisi tumezungumza. Tunapenda uje nasi moja kwa moja. Ukae miaka miwili. Asubuhi unamwangalia Claudia, mchana unakwenda shule. Kuna shule ya wauguzi karibu na nyumba yetu. Wewe una kichwa. Ukirudi Masasi unarudi sista, umevaa kofia."

Imakulata aliendelea kumwagia mtoto maji kwa kikombe. Hakuwahi kulifungulia bomba lile likatiririka. Kwa mtu aliyekulia Kitangari, ambako ndoo moja ya maji ni asubuhi nzima ya miguu, maji yanayotiririka bure yalikuwa kama dhambi.

"Na January?"

"Ana bibi yake. Miaka miwili si mingi. Fikiri. Tukifika Malaga utupe jibu, maana pale ndipo mume wangu—" alijisahihisha akicheka, "ndipo Baba Claudia atakapothibitisha tiketi yako au kuibadili."

Hebu fikiria ni wewe uliyejifunza herufi ukiwa na mimba, ukitembea gizani kwenda darasani na daftari chini ya kanga, halafu uambiwe kuna shule, kuna kofia. Usiku ule Imakulata aliandika barua ya tano. Aliieleza shule yote, hata kofia. Mwisho akaandika: Mama, niambie. Akaipeleka posta mwenyewe, na tangu hapo akaanza kuhesabu siku, kwenda na kurudi, na kila akizihesabu aliona jibu likimkuta Almeria.

Siku ya Almeria walifika mchana kweupe, saa saba na nusu. Posta ilikuwa imefungwa. Mji mzima ulikuwa umelala, maduka yameshusha milango, na upepo ulikuwa ukirusha mchanga mpaka ndani ya sahani.

"Hapa hapakaliki," Baba Claudia alisema. "Twende mbele."

"Posta?" Imakulata aliuliza kutoka nyuma.

"Tutapata Malaga. Za hapa tutaomba zitufuate."

"Zitufuate wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" Imakulata aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Papo hapo Claudia akatapika.

Waliegesha kilomita kumi na nane mbele, ufukweni, kando ya shamba la nyanya. Upepo ulikuwa umetulia na jua likarudi. Imakulata alikwenda kwa mwenye shamba, mzee mfupi mwenye kofia ya majani, akamtajia watu wanne, siku tatu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akasema maneno mengi, akampa nyanya. Jioni, wakiosha vyombo, Imakulata alisema:

"Kesho Alhamisi. Ni siku yangu ya mapumziko. Nitakwenda posta."

"Almeria?" Baba Claudia aliinua kichwa kutoka kwenye gazeti. "Kwa nini? Hakuna basi upande huu asubuhi."

"Nitatembea."

"Ni kilomita kumi na nane, Imakulata."

"Kwenda tu?"

"Kwenda tu."

"Basi si mbali."

Daktari alicheka, akarudi kwenye gazeti. Alidhani ni utani, na kosa si lake. Hakuwahi kuteremka bondeni kutafuta maji kiangazi na kupanda tena na ndoo kichwani.

Alfajiri aliacha karatasi mezani, ameiwekea kikombe juu: Uji wa Claudia upo sufuriani. Umepoa, upashwe moto. Nitarudi jioni. Akajifunga kanga, akatoka.

Barabara ilikuwa imechongwa ubavuni mwa mlima. Mkono wa kushoto jabali, mkono wa kulia bahari, chini kabisa. Alitembea akikumbuka Shimo la Mungu pale Newala, jinsi nchi inavyokatika ghafla na wewe umesimama ukingoni, bonde lote chini ya miguu yako mpaka Ruvuma, na ng'ambo ya Ruvuma moshi. Miaka yote ya utoto wake moshi ule ulikuwepo. Watoto waliujua kama wanavyojua mawingu: huu ni wa kuchoma shamba, ule ni wa bomu. Hapa ng'ambo hakukuwa na kitu. Bahari tu, na jua lililojimwaga juu yake bila kazi. Magari yalipita, watu wakageuza shingo. Hakuna aliyesimama, naye hakuna aliyemsalimia, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alitembea saa nne bila kutamka neno.

Akawa anazungumza na January kimoyomoyo. Akajaribu kumwona uso. Hapo ndipo alipoogopa, kwa sababu uso ulikuja, lakini ulikuja na nywele za Claudia.

Posta ilikuwa wazi. Nyuma ya dirisha alikaa mwanamume mwenye miwani, shati limekatika ukosi. Imakulata alimpa asubuhi njema kwa neno alilojifunza, akampa kipande cha karatasi chenye jina lake: Imakulata Nandonde. Yule bwana alisoma, akaangalia juu, akasoma tena. "Inmaculada," alisema taratibu, kama anayemrekebishia. Akaenda kwenye visanduku, akapekua, akarudi ameshika bahasha ya barua za ndege, imechakaa pembeni, na stempu ya twiga.

Imakulata alinyoosha mkono. Yule bwana hakuiachia.

"Pasaporte."

Neno hilo alilijua. Akaliona bati la biskuti chini ya kiti cha dereva, kilomita kumi na nane nyuma yake. Aliwaza haraka, akaona hana kitu. Hana kitambulisho, hana kadi ya chama, hana mtu wa kusema huyu ninamjua, ni binti wa fulani, nyumba ya fulani. Kote alikopita alikuwa amejitaja, na hapa palipohitaji kutajwa hapakuwa na balozi.

"Ni ya mama yangu," alisema kwa Kiswahili. "Baba, tafadhali. Ni yangu."

Bwana alitikisa kichwa. Nyuma yake watu walikuwa wanajipanga. Imakulata hakulia na hakutoka. Alisogea pembeni, akaona kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye meza ya wateja, akachukua fomu, akaigeuza upande wa nyuma, akaandika kama alivyokuwa akiandika ubaoni Mwalimu Yeremia alipomwita: polepole, ulimi nje kidogo. Imakulata Nandonde. Kitangari. Newala. Mtwara. Tanzania. Akairudisha dirishani, akaweka kidole kwenye herufi moja, kisha akaonyesha bahasha.

Mwalimu Yeremia alitoka Bukoba, na alikuja na k yake. Mkono wa juu wa k ile haukusimama kama wa watu wengine. Ulipanda na kupinda mwishoni, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Darasa zima waliiga hivyohivyo, maana hawakuwa wameona nyingine. Ungeweza kumtambua mtu wa darasa la jioni la Kitangari kwa k yake kama unavyomtambua mbuzi kwa alama ya sikio.

Bwana wa posta alivua miwani, akaivaa. Aliisogeza fomu karibu na bahasha. K na k. Akamtazama Imakulata miguuni, vumbi mpaka magotini. Alisema jambo kwa mtu wa nyuma kwenye foleni, na yule mtu naye akachungulia. Kisha akaipitisha bahasha chini ya dirisha, akaibakiza ile fomu, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati.

*

Aliifungua nje, penye kivuli cha ukuta. Alitarajia mwandiko wa mwalimu. Mistari ilikuwa inapanda na kushuka kama njia ya mlimani, herufi nyingine kubwa, nyingine ndogo. Alihisi ni mwanafunzi mwenzake. Akasoma.

*Imakulata mwanangu. Huu ni mkono wangu mimi mama yako. Nilianza darasa ulipoondoka. Usicheke.*

*Tumehamishwa mwezi wa sita. Nchi nzima inahama. Tulibeba mlango na miti ya paa na kuku. Mtungi mkubwa ulivunjika njiani. Sasa tuko kijiji kipya kando ya barabara ya Newala, nyumba ya tisa, upande wa mikorosho. Balozi wetu ni Bwanali. Maji bado, wanasema bomba litakuja. Ndege hazipiti tena juu.*

*January alilia siku tatu. Alisema mama akirudi atakwenda nyumba ya zamani, hatatukuta. Nikamwambia nitaandika. Akasema bibi hujui. Ndiyo maana nimekazana.*

*Nimesikia habari ya shule. Shule ni kitu kizuri, hata mimi sasa ninaona. Siwezi kukuambia njoo, siwezi kukuambia kaa. Kipimo hiki ni cha leo asubuhi. Sikuongeza kidole. Ukikaa kitupe, maana hakitafaa.*

Ndani ya mkunjo wa karatasi kulikuwa na ukindu.

Imakulata alikuwa na ule wa kwanza kifuani, ndani ya kitambaa, kama kawaida. Aliutoa, akazilaza zote mbili juu ya goti, akasawazisha ncha za chini, pale kwenye kisigino. Kisha akaangalia juu. Ule mpya ulikuwa umeupita wa zamani kwa upana wa kidole.

Alikaa pale muda mrefu. Watu walipita na mikate yao. Kidole kimoja. Wakati yeye anakula tini, wakati anahesabu miji, wakati anapiga hodi kwenye milango ya watu, mguu ule ulikuwa unakua kimyakimya juu ya mkeka, ukahama nyumba, ukatembea nyuma ya bibi aliyebeba mlango kichwani. Haukumngoja. Miaka miwili ni vidole vingapi? Hakutaka kuhesabu, akajikuta amehesabu.

Njiani kurudi jua lilikuwa la utosi na miguu ilianza kukataa. Alikuwa amefika katikati ya njia ya jabalini aliposikia mkokoteni nyuma yake, punda na matenga matupu ya nyanya, na juu yake mzee mwenye kofia ya majani. Mzee alimpita hatua chache, akageuka, akasimamisha punda.

"Inmaculada," alisema. Akainua vidole vinne, kisha vitatu. Watu wanne, siku tatu. Alikuwa ameyashika.

Imakulata alipanda. Hapo ndipo alipolia, mgongo kwa mzee, uso kwa bahari, na mzee alikuwa na adabu ya kutogeuka.

*

Walimkuta Mama Claudia amesimama barabarani, macho mekundu.

"Tulidhani umepotea. Baba Claudia alikwenda mjini na gari, hakukuona, sasa anakutafuta ufukweni kwa miguu."

"Nilikaa kivulini. Nisamehe, Mama Claudia. Niliandika."

"Niliiona karatasi." Alimtazama. "Umeipata?"

"Nimeipata."

Waliingia garini. Claudia alikuwa sakafuni. Alikuwa amepanda kitandani, ameivuta kanga, amevivaa vile viatu vya kahawia, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto. Walipovinunua vilimvuka. Sasa vilibakiza padogo tu. Imakulata alimwangalia huyu mtoto aliyemwogesha kila siku, ambaye mguu wake ulikua mikononi mwake na hakuuona, kwa kuwa alikuwepo. Alichuchumaa, akavivua, akavivisha upya, cha kulia kulia, akafunga kifungo cha shaba.

"Vaa, mwanangu. Vya kaka yako vitakuwa vingine."

Mama Claudia alikaa kitako kitandani. Alikuwa mama, hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Na shule?"

"Shule ninaitaka," Imakulata alisema. "Ninaitaka sana. Masasi pale si kuna hospitali? Niandikie barua. Waambie nina kichwa, kama ulivyosema. Nikianza kwa kufagia wodi, nitaanza."

"Kule ni vigumu zaidi. Unajua."

"Ninajua. Lakini kule jioni nitarudi mahali."

Baba Claudia aliporudi, mkewe alimweleza kwa lugha yao. Aliingia, akapiga magoti, akalivuta bati la biskuti chini ya kiti. Alichukua pasi ya Imakulata na tiketi, akampa mkononi. Alitafuta neno. Kiswahili cha wodini kilimpa moja tu.

"Ruksa," alisema. Lile neno analoambiwa mgonjwa aliyepona.

Malaga, siku ya kuthibitisha tiketi, Imakulata aliomba robo saa akaingia duka la viatu. Aliulaza ukindu mpya ndani ya kiatu kimoja, ukagusa mwisho. Muuzaji alitabasamu, akaanza kufunga. Imakulata alimzuia. Mpaka ndege, mpaka Dar es Salaam, mpaka basi la kusini, mpaka nyumba ya tisa upande wa mikorosho, zilibaki wiki mbili, pengine tatu, na barabara ya kule anaijua. Aliomba kingine, kikubwa zaidi. Akaulaza ukindu, na mbele yake, kwenye nafasi iliyobaki, akaweka kidole chake gumba.